Wavu Uliotoboka

Juzi nilipita karibu na shule moja mtaani Manyatta, nikaona wavu mpya ukining'inia kwenye ringi ya basketiboli. Nikacheka peke yangu.

Baba yangu alikuwa fundi wa kushona nyavu za samaki. Alasiri moja alinishika mkono, tukaenda kumtazama kaka yangu Ouma. Timu ya shule yao ilicheza na wanafunzi wa chuo kikuu kutoka Nairobi katika mashindano ya wazi. Uwanja ulinuka vumbi na jasho, na mkono wa Baba ulinuka samaki kama kawaida. Nilishangaa kuona kila mpira ulioingia wavuni ukianguka chini.

Ouma alikosa mpira wa mwisho, na timu yao ikatolewa mashindanoni. Alitujia macho yamemwiva.

"Wacha kulia," Baba akamwambia. "Nyinyi mlikuwa mnashika vizuri. Ni hiyo wavu imetoboka."

Ouma alimtazama, kisha akaitazama ringi. "Ni kweli, Baba."

Niliamini hivyo mpaka nilipoanza kucheza mwenyewe sekondari.

Siku iliyofuata mechi ile, Baba alichukua sindano na uzi wake, tukarudi uwanjani kuuziba wavu. Ouma ndiye aliyebeba ngazi.