Heri Nyati

Miaka ya hamsini mume wangu alikuwa dereva mgodini Geita. Mkubwa wake akamruhusu atupeleke, mimi na mama yangu, kutazama wanyama milimani Ngorongoro. Huko tukapewa kiongozi Mmaasai. Mama alikaa nyuma, kajifunika kanga, maana kwetu Usukumani mama mkwe na mkwewe hata kutazamana ni aibu, sembuse kugusana.

Gari liliacha njia, likazama topeni. Tukashuka kusukuma, mume wangu akabaki kwenye usukani; mara nyati akatokeza ukunguni.

"Ndani! Ndani!" kiongozi akapiga kelele.

Mimi na kiongozi tukajirundika nyuma, pakajaa, ikabaki nafasi ya mbele, ubavuni mwa mume wangu. Mama akasimama palepale.

"Mayu, panda, atakuua!" nikamlilia mama.

"Nikae na mkwe wangu? Heri huyo nyati!"

Mume wangu akaruka chini, akamshika kiunoni, akamtupia ndani kama robota la pamba. Nyati akapita zake, nasi tukalinasua gari.

Njia nzima mama alilia ndani ya kanga, na mume wangu hakuinua macho ila kutazama njia. Nami nilitamani kumshukuru, lakini ningemshukuruje bila kutaja alipomshika mama? Mpaka leo hajapata asante yake.