Elfu Thelathini na Thelathini na Moja

Miaka ya mwanzo ya uhuru nilipata kazi katika kiwanda cha kahawa karibu na Kutus, kugeuza kahawa ikauke juu ya meza za waya. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita. Hesabu sikuiacha.

Nilikuwa nimejitungia kanuni, bila mwalimu. Chukua namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Anza na mbili, zizidishe pamoja bila kuruka hata moja, halafu ongeza moja. Mbili mara tatu, ongeza moja: saba, tasa. Ukifika tano unapata thelathini na moja, tasa. Ukifika saba, mia mbili kumi na moja, tasa. Ukifika kumi na moja, elfu mbili mia tatu kumi na moja, tasa tena! Nikawatangazia wenzangu kwamba nina mashine ya kutoa namba tasa milele.

"Na ikikataa?" akauliza mama mmoja tuliyekuwa naye meza moja.

"Haiwezi kukataa."

"Wee! Hata ng'ombe ya gredi, ile ya kizungu, hukataa kutoa maziwa."

Alasiri moja mvua ilishuka kutoka mlimani. Tukafunika meza kwa nailoni, tukajazana stoo. Hapo hakuna kazi mpaka jua litoke, basi nikaokota kaa na kuandika kwenye ukuta mweupe namba iliyofuata, ya kufika kumi na tatu: 30,031. Nikaanza kuigawanya kwa namba tasa zinazofuata, maana zile nilizozidisha lazima zibakize moja. Kwa kumi na saba, baki tisa. Kwa kumi na tisa, baki kumi na moja. Nikapanda hadi hamsini na tatu, baki thelathini na tatu.

Msimamizi akaingia. "Kijana, nani alikuambia hii ukuta ni ya kuandika? Futa!"

"Nikimaliza, mzee."

"Hii kazi iko na watu wengi wanaitaka. Futa ama uende."

"Futa, mwanangu," mama akaninong'oneza. "Namba haipikwi."

Nikaandika hamsini na tisa. Ikaingia mara mia tano na tisa, bila baki. Kanuni yangu ikafa mbele ya watu.

"Ati mashine imekwama!" mtu akapiga kelele, stoo nzima ikacheka.

"Umeona?" msimamizi akasema. "Ni makosa tupu. Sasa futa."

"Makosa haya nimeyapata mwenyewe, mzee. Ningefuta uliponiambia, ningebaki na uongo. Sifuti."

Akanionyesha geti kwa kidole. Nikachukua blanketi langu kwenye banda tulilolala, nikaondoka.

Mvua ilikatika nikiwa njiani kwenda Kerugoya. Nikaokota kijiti, nikachuchumaa kando ya barabara na kuizidisha 30,030, ile hesabu kabla ya kuongeza moja, kwa kumi na saba kwenye matope, kisha nikaongeza moja: 510,511. Nikaijaribu kwa kumi na tisa. Ikagawanyika papo hapo, bila baki.

Nilicheka peke yangu. Kisha nikafuta matope kwa mguu, nipate nafasi ya kutafuta kwa nini namba hizi zinavunjika.