Jina Ambalo Kioo Kilikataa

Wakati wa vita nilifanya kazi katika biro, ofisi ndogo ya Rugenge, Uvira, ya kutafuta watu waliopotezana na ndugu zao. Niliandika jina kwenye mashine ya kompyuta, redio ikalipeleka ng'ambo, Burundi, na kambini mtu akaliita kwa kipaza sauti. Mashine ya kwanza iliibwa na wenye bunduki. Tukaletewa nyingine.

Zote mbili zilikuwa za ukoo wa Unix, mfumo unaoendesha kompyuta, na miye nikadhani ukoo mmoja, damu moja. Kuna amri, stty, inayoiambia mashine namna ya kupokea vidole vyako: ioneshe herufi au izifiche. Ukiandika stty -g, inakutolea mstari mrefu wa tarakimu, kumbukumbu ya hali yake, ili kesho uirudishie. Mstari wa mashine ya zamani niliunakili kwenye kaye, daftari langu. Fundi alinionya kwamba mashine nyingine itauelewa kivyake. Lakini kichwa changu kigumu! Asubuhi moja niliilisha mashine mpya mstari ule. Haikulalamika hata kidogo.

Akaingia mama mukubwa, dada ya mama yangu, ametembea kutoka Mutarule. Binti yake, mtoto pekee aliyembakia, alipotea walipokimbia. Niliandika jina. Kioo cha mashine kikabaki cheusi. Nikaandika tena, na tena, mara kumi na moja. Hakuna hata herufi moja, na huku taa ya redio inawaka kila nikimaliza.

"Juzi jina la jirani yangu lilionekana hapa," alisema.

"Ngoja kwanza, mama! Sijui!" Nilimfokea kwa aibu.

Alikitazama kioo. "Iko inakataa kuandika mufu," akasema polepole.

Aka! Ningesema tu kwamba kosa ni langu. Sikusema. Akaenda kunyoa nywele na kutandika mkeka wa kilio.

Mchana kiburi kiliniisha. Niliandika bila kuona chochote, stty sane, maneno ambayo kila Unix niliyoigusa iliyaelewa, na herufi zikarudi. Kumbe mashine ilizificha tu, haikuzizuia. Jina lilikuwa limekwenda mara zote kumi na moja.

Jibu la kambi lilifika kesho yake: "Alikuwa hapa. Tumemwita mara kumi na moja, kama mlivyotuma. Amechukua mzigo wake akakimbia. Hatujui wapi."

Siku zile, jina lako likiitwa tena na tena na sauti usiyoijua, hukuitika. Walioitika hawakurudi.

Nilimkuta mama mukubwa mkekani, kichwa kitupu, majirani wanaimba. Nikamwambia binti yuko hai, au alikuwa hai jana. Nyimbo zikakatika.

"Nani alikuwa anamuita vile?"

"Ni miye, mama."

Alijifunga kitambaa kichwani, akanishika mkono, tukarudi biro.

"Weye ulimufukuza mutoto wangu. Umuite tena. Mara moja tu, na polepole."

Niliandika. Safari hii herufi zilitokea zote, naye akazifuata kwa kidole kwenye kioo, ingawa hakujua kusoma. Akaketi kungoja. Alikuja kila siku kungoja, mpaka biro ikafungwa, na hakuna aliyeitika.