Nilionja Mpaka Ubao Ukaisha

Tangu Jumamosi, nikikaribia ule mkahawa mpya hapa Machakos navuka barabara. Mchumba wangu Mwende aliniita pale nijulishwe kwa mamake. Nilifika nikaketi kwenye meza moja ndefu ya wateja wote, mtindo wa siku hizi. Mbele yangu palikuwa na ubao wa nyama choma iliyokatwa tayari. Sisi tumezoea hivi: ukingoja nyama yako, mchomaji anakuletea vipande vya kuonja. Basi nikaonja, mtu mzima mimi, mpaka ikabaki chumvi tu.

Mwende akatoka kunawa mikono na mama mmoja.

“Mama, huyu ndiye Mutua.”

Kipande cha mwisho kilikuwa bado mdomoni. Mama akatazama ubao wake, akanitazama.

“Karibu, Mutua. Umeshiba?”