Mate ya Mashofere Wangu

Hakuna kitu cha dunia hii kingenishangaza mimi. Nilianza na baiskeli kuukuu, nikipeleka makala ya kupikia sokoni. Nimelala chini ya lori, masasi ya bunduki yakipita juu. Leo niko na malori matatu hapa Bunia, na masomo yangu yaliishia darasa la tatu. Waliosoma ndio wananiomba kazi.

Basi, watu wa iniversite walipokuja kupima mate ya mashofere kwa vijiti, wajue ni wangapi wanaendesha na bangi ao tramadole mwilini, nilicheka. Aliyewaongoza alikuwa mama mmoja kijana.

"Mama," nikamwambia, "mimi kipimo changu niko nacho."

Kila asubuhi ninawapa mashofere chai inayochemka. Aliyemeza tramadole hasikii moto. Anakunywa bila kupuliza. Chai hiyo ilishafukuza watu kwangu.

Asubuhi ile wote watatu walipuliza vizuri. Kisha yule mama akawapima nyuma ya turubai, mmoja mmoja. Alipotoka, uso haukuwa ule aliokuja nao.

"Papa, mmoja wao nimemuomba apumzike leo. Amekataa."

"Nani?"

"Siwezi kusema. Tuliwaahidi siri. Nikitaja jina, kesho hakuna shofere atanipa mate yake tena."

Nikawaka. Juu ya malori walikuwa wamekaa wamama wa watu, juu ya samaki mbichi za Kasenyi, wakienda kule Kilo kuwauzia wachimbaji wa zahabu. Na barabara ile ni makorongo matupu!

"Weye unajua nani atawaua hawa, na unamufunika?"

Nikatoa dola mia. Akatazama kando. Nikaongeza mia ingine.

"Papa, rudisha feza yako mufukoni."

Mimi! Bariere zote za askari barabarani Ituri zinanifungukia kwa feza, na huyu, na kijiti chake, ananikatalia mbele ya watu!

Nikawageukia mashofere. "Nani kati yenu?"

Mmoja akajibu, "Patron, si weye ulisema anayefika Kilo wa kwanza anapata primu, feza juu ya mshahara? Ulifikiri siye tunakesha kwa maji?"

Wakacheka wote watatu, na kicheko kile hakikunionyesha mtu. Mkono ulitaka kupiga. Nikautumia kuchomoa funguo, lori kwa lori.

"Shukeni!" nikawaambia wamama.

"Tushuke twende wapi? Samaki zitaoza!"

"Ni heri zioze samaki."

"Ee, tajiri! Na watoto wetu watakula funguo zako?"

Hakuna aliyeweka mguu chini. Nikawaeleza kuna shofere amelewa, wakanijibu wote wanalewa, lipa samaki zetu. Nikaapa, nikatukana, nikalipa. Tena kwa bei ya Kilo, si ya Bunia, maana wamama wale hawana huruma: dola elfu moja mia mbili sabini na tano.