Tumbo Lililopiga Honi

Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikichunga ng'ombe wa baba kule Kishapu. Ng'ombe wenyewe waliingia darasani zaidi kuliko mimi, maana darasa halikuwa na mlango na wao walipenda chaki. Kwa hiyo nikikuambia kwamba ukubwani huu, na wajukuu ninao, nimekuwa mwanafunzi wa udereva, tena mwanafunzi anayeshinda njaa kwa hiari yake, cheka taratibu usije ukapaliwa.

Ninapika machimboni, huku Geita. Chai na chapati na supu asubuhi, ugali na nyama mchana. Tulinunua kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kimechoka, mimi na baba watoto, cha kubebea masufuria na maji mpaka kwenye maduara, yale mashimo wanakoshuka wachimbaji. Dereva wa kukodi alitutesa. Supu ikiondoka nyumbani ina nyama, ikifika machimboni ina historia ya nyama. Baba watoto hawezi kuendesha, macho yake mabovu, aliwahi kumwamkia mbuzi shikamoo akasubiri kabisa aitikiwe. Nikasema basi, kirikuu hiki nitakiendesha mwenyewe.

Siku ya kwanza chuoni nikaingia kwenye kirikuu cha kujifunzia. Sijawasha gari, honi ikalia. Piiiiii!

"Mama, toa mkono kwenye honi," akasema mwalimu, kijana mwembamba kama fimbo ya mchungaji.

"Mwanangu, mikono yangu hii hapa juu."

Akaitazama mikono. Akashusha macho taratibu, akalikuta tumbo langu limelala juu ya usukani kama mteja aliyelewa juu ya meza. Nikivuta pumzi, honi inanyamaza. Nikiitoa, honi inaimba. Nikataka kurudisha kiti nyuma, nyuma kuna bati, na kiti cha kirikuu hakijui habari za kurudi. Tukaondoka hivyo hivyo. Mtaa mzima ukatoka nje kupiga vigelegele, wakidhani ni harusi. Mama mmoja akatukimbiza na kitenge cha zawadi.

Tuliporudi mwalimu akazima gari, akafuta jasho. "Mama yangu, nikuambie ukweli. Honi tungeweza kuing'oa waya. Lakini usukani haugeuki, unasuguana na wewe. Trafiki wa mtihani hawezi kukupitisha. Hapa ni mawili, upungue au ununue lori."

Lori sina. Nikabaki na kupungua.

Darasani kwetu alikuwepo nesi wa zahanati, naye anajifunza gari. Akanipima presha, akanipima sukari, akasema mwili unaruhusu. Halafu akanipa hukumu. "Unakula kuanzia saa sita mchana, saa mbili usiku unafunga mdomo. Nje ya saa hizo ni maji na chai isiyo na sukari. Soda acha. Na hiyo bodaboda ya kukuleta darasani acha, una miguu."

Kufunga si kitu kigeni kwangu, mimi Mkatoliki. Lakini Kwaresma yetu unaacha nyama Ijumaa, halafu unakula sangara mkubwa kama mtoto wa darasa la pili. Huku kwa nesi hata sangara hayupo. Ni wewe na kikombe cha chai chungu mnatazamana kama mashemeji wenye kesi.

Wiki ya kwanza niliona mambo. Naamka na jogoo kukanda unga wa chapati, wala siulambi. Tumbo lilinguruma siku moja mpaka wachimbaji wakatoka shimoni mbio, wakidhani mgodi mkubwa umelipua baruti. Mchana nikila, nakimbilia darasani kwa miguu, na wale vijana wa bodaboda kijiweni wananisindikiza kwa midomo.

"Mama, panda bwana! Au unazihurumia tairi?"

"Nakihurumia hicho kiuno chako, baba, kitavunjika kabla ya tairi!"

Darasani napo balaa. Alama za barabarani nilizipenda, maana hazisomwi, zinatazamwa, na kutazama najua. Ila masomo ya Jumamosi ni asubuhi, na njaa ina macho yake. Mwalimu akanyanyua pembetatu yenye mpaka mwekundu.

"Hii nini?"

"Sambusa."

Darasa likaanguka. Akanyanyua alama ya duara. Nikajua ni mtego, nikanyamaza, lakini mate yalishanitoka na kila mtu akaona nimewaza chapati.

Hayo yote niliyaweza. Kilichotaka kuniua ni kuonja.

Kwetu Usukumani, na machimboni ndiyo zaidi, anayekupa chakula anakionja kwanza mbele ya macho yako. Anamega, anatafuna, anameza, ndipo na wewe unanyoosha mkono. Asipoonja, kuna jambo. Miaka yote hiyo supu yangu naionja mbele ya wateja, na mimi kuonja kwangu ni bakuli zima. Huko ndiko tumbo lilikotoka, sasa ninavyofikiria. Lakini asubuhi sasa sili. Na nesi alinikazia kwamba hata kijiko ni kula.

Asubuhi moja msimamizi wa duara, mzee mwenye meno mawili yaliyogombana yakahamiana mbali, akalisukuma bakuli la supu kuelekea kwangu.

"Onja, mayu." Mayu ndiyo mama, kwa Kisukuma.

"Leo siwezi, mzee wangu."

Vijiko vyote vikatua. Watu zaidi ya ishirini wananitazama. Hata inzi walitua wakasubiri.

"Jana hukuonja. Juzi hukuonja. Tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea. Nimefunga."

"Umefunga nini na Pasaka imepita?"

"Sili mpaka saa sita. Nataka niingie kwenye gari!"

Wakatazamana. Nami nikaona, lakini nimechelewa, nilichokisema. Machimboni mtu hakuambii ameacha kula ili aingie kwenye gari, ukamwelewa vingine. Huku kila aliyepata mali anasemwa ana mganga, na mganga ana masharti. Mmoja kaambiwa asioge, mwingine asilale kitandani. Sasa mama wa chapati kaambiwa asile asubuhi, na gari lenyewe si lile pale limeegeshwa?

"Aaah," akasema yule mzee, na uso ukamng'aa. "Kumbe ni masharti. Si ungesema?"

"Si masharti, ni nesi!"

"Tumeelewa, mayu. Nesi." Akanikonyeza.

Kesho yake nikapanga chapati mlima, supu inafuka, nikasimama. Hakuna mtu. Wamekaa mbali kidogo kwenye kifusi, wanameza mate, wanatazama jua. Duara zima limefunga, nao wanataka mali! Saa sita ilipofika wakanijia kama nzige, wakala ugali mpaka mwiko ukaogopa. Lakini chapati zangu za asubuhi? Nilirudi nazo nyumbani. Kuku wakala, wakakataa. Siku ya tatu hata paka akiona chapati anatoka nje.

Basi usiniulize nilikuwa na hali gani. Nikionja, tumbo linarudi kwenye usukani na leseni inaota mbawa. Nisipoonja, biashara inakufa, na hilo gari la leseni litabeba nini, upepo?

Nikamtazama baba watoto. Mwembamba, mkimya, anafunga kamba za viatu tangu asubuhi kwa sababu hazioni.

"Baba watoto, una njaa?"

"Mimi? Kila siku."

Nikampandisha mpaka machimboni. Lakini kwanza nikamwendea yule mzee, maana nilisikia suruali imemvuka akiwa kwenye ngazi ya duara, na wenzake waliokuwa chini wameona wasiyopaswa kuona.

"Mzee wangu, masharti yale umeyashika vibaya. Ni ya wanawake wanene peke yao. Mwanaume akiyafuata, dhahabu inamkimbia."

Akashika suruali yake. "Ndiyo maana! Wiki hii mawe matupu!"

"Ndiyo maana hasa. Na mpaka wiki iishe mnywe maji mengi, na zile soda za kuongeza nguvu muache. Zinaharibu dawa." Nesi angenipa cheti.

Halafu nikamkalisha baba watoto mbele yao kwenye kigoda, nikampa bakuli. Yeye ni wa nyumba ile ile, anakula sufuria lile lile, mila imeridhika. Akaonja. Akaonja vizuri. Akaonja supu, akaonja makongoro, akaonja chapati ya juu na ya katikati na ya chini, asije mtu akasema sumu iko chini. Wachimbaji wakaguna kwa raha, wakavamia. Kuanzia hapo ndiyo ikawa kazi yake. Kilo nilizozitupa mimi, aliziokota yeye moja moja kwa uaminifu.

Ukafika mtihani. Asubuhi, tumbo tupu. Trafiki mwanamke, sura kama lango la benki, akaingia upande wa abiria. Nje yule mzee na wachimbaji wake wamejipanga kama msiba, wamekuja kuona kama masharti yanafanya kazi. Mwalimu wangu amejificha nyuma ya nguzo.

Nikapanda. Nikakaa. Kimya.

Nikatoa pumzi yote niliyokuwa nayo tangu nizaliwe. Kimya! Kati ya tumbo na usukani palikuwa na nafasi, ungeweza kupitisha kiganja. Nje mtu akapiga mluzi.

"Twende, mama," akasema afande.

Klachi, gia, tukaondoka. Nikakata kushoto, usukani ukazunguka kama pia. Nikakata kulia. Afande anaandika, mimi sitazami anaandika nini, na hata ningetazama ningeona nini? Tukafika njia panda, mbele ng'ombe wamejaa barabarani. Ng'ombe wa kwetu hawaogopi serikali.

"Piga honi," afande akasema.

Nikainama mbele, kama nilivyozoea. Hakuna kitu. Nikainama zaidi, nikalisukuma tumbo, pua ikagusa kioo. Ng'ombe mmoja akageuka kunitazama.

"Mama, unafanya nini?"

"Napiga honi, afande."

"Kwa nini usitumie mkono?"

Nikautazama mkono wangu. Masomo yote yale, sikuwahi kuambiwa honi inapigwaje, haikuwa na haja. Nikaunyoosha taratibu, nikabonyeza pale katikati.

Piiiiii!

Ng'ombe wakaruka mtaroni. Nikabonyeza tena kwa utamu, na tena, mpaka afande akanishika kiwiko na kuniambia imetosha, nimefaulu, nimrudishe kituoni kabla hajaziba masikio.