Herufi Zilizopinda

Mume wangu ana mdomo mchafu, na simsengenyi. Nimemwambia usoni mara nyingi. Kazi yake ni kufufua kompyuta za kale, zile ambazo kibodi na mashine ni kitu kimoja, unazichomeka kwenye televisheni. Ukimpelekea inayoleta vurugu, swali lake la kwanza ni, "Nani aliyeichokonoa?" Kwake hakuna ugonjwa bila mchawi.

Safari hii mchawi akawa shemeji yangu, mdogo wake, anayefanya naye kazi katika chumba chetu cha mbele. Shemeji alikuwa ameongeza chipu za memori kwenye mashine ya mteja. Mume wangu akaiwasha, akainamia televisheni, akaja juu kama moto wa kifuu.

"Herufi zimepinda! Umeweka chipu mbovu!"

"Kaka, mbona mimi naziona sawa?"

"Unaona nini wewe? Hata msumari ukipiga haunyooki!"

Shemeji naye si wa kunyamaza. "Nyani haoni kundule," akajibu. Lo! Nikajua leo kumekucha.

Mume wangu akazipapasa chipu kwa mgongo wa kidole, akitafuta iliyopata moto kupita wenzake. Hakuna. Akazing'oa zote, akarudisha memori ya zamani. Bado zimepinda. Akabadilisha waya. Akaingia chumbani, akabeba televisheni yangu bila hata kuniuliza. Bado!

"Umeiharibu mashine yote," akamwambia mdogo wake. "Kusanya vyombo vyako utoke. Na usirudi tena kwangu."

Damu ikanichemka. Ndugu wa tumbo moja, wamebaki wawili tu duniani, anamfukuza kwa ajili ya herufi! Nikaacha cherehani yangu nikaenda kuziangalia mwenyewe. Zilikuwa zimenyooka, safi kabisa.

"Zimepinda wapi?"

"Hapo katikati! Na wewe umepofuka?"

Tusi la kumrudishia nilikuwa nalo tayari mdomoni. Ila nikazitazama zile televisheni mbili, waya mbili, na chipu zilizotapakaa mezani. Miaka yote namsikia akiwafokea mafundi wenzake: ukibadilisha kila kitu na ubovu ukabaki, basi uko kwenye kile usichokibadilisha. Nikageukia mlango; fremu yake imenyooka kama rula.

"Baba watoto," nikasema, "hebu achana na hiyo. Tazama fremu ya mlango."

"Fremu inahusu nini, mwanamke?"

"Tazama tu, nakuomba."

Akageuka huku akisonya. Shemeji alikuwa amesimama pale pale mlangoni, mfuko wa vifaa begani, amenuna. Mume wangu akatazama. Akaziba jicho moja kwa kiganja, kisha la pili. Akarudia.

"Imepinda," akasema. Sauti yake sikuijua. "Na wewe mdogo wangu, uko hapo? Mbona uso wako siuoni?"